Nukta Kubwa ya Katikati

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, tusianze kwa kudanganyana. Ilijaa ukuta mzima wa chumba cha mafunzo: nukta mia na zaidi, mistari myembamba ya kijivu ikiziunganisha, na katikati nukta moja nyekundu iliyozizidi nyingine zote kwa ukubwa. Karani wa takwimu aliyeichora alisimama pembeni na kijiti cha kuonyeshea, cha kukunjwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe pale hospitalini, watu wenye makoti meupe walikuwa wanamsikiliza yeye.

Kwa wiki mbili alikuwa akifundishwa kuchora mitandao. Si mitandao ya simu, ni mitandao ya watu: nani kamgusa nani, nani kapita wapi. Unaipa kompyuta jedwali refu linalochosha macho, nayo inakurudishia nukta na mistari. Mwanzoni nukta huwa zimerundikana tu katikati ya kioo. Kisha programu inaanza kuzivuta zenye uhusiano zikaribiane na kuzisukuma zisizo na uhusiano zikae mbali, zinatetemeka, zinasogea, mpaka kila moja inapata mahali pake na kutulia. Karani alipenda hapo kuliko pengine pote. Wenzake wakienda kula yeye alibaki darasani akisogeza nukta, akibadilisha rangi, akicheka peke yake.

Jedwali la zoezi la mwisho lilitoka wodi ya watoto wachanga ya hospitali hiyo hiyo. Ndani ya wiki tano watoto saba walikuwa wamepata maambukizi ya damu, na watatu kati yao walikufa. Kulikuwa na mdudu anayehama kitanda hadi kitanda, na uongozi ulitaka kujua anahama na nani. Basi likachukuliwa daftari la mlangoni, lile ambalo kila anayeingia wodini anatakiwa kuandika jina lake na vitanda alivyogusa. Karani mwingine, wa masijala, akalinakili kwenye kompyuta na kugeuza majina yawe namba, ili, kwa maneno ya mkufunzi, haki itendeke kwa wote. Kila mfanyakazi akawa nukta, kila mtoto nukta, na mstari kati yao pale mfanyakazi alipogusa kitanda cha mtoto. Nukta yenye mistari mingi inakua. Iliyo kubwa kuliko zote kati ya zilizofika kwa wagonjwa inageuka nyekundu.

Aliyekuwa mkubwa na mwekundu ni namba kumi na tatu. Mistari yake ilifika kwa watoto wote saba.

Daktari Mkuu, ambaye ndiye mkurugenzi na ndiye bingwa wa wodi hiyo, alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa ukuta. Alisema katika miaka yake yote ya kazi hajapata kuona ushahidi unaojieleza wenyewe namna ile. Akamuuliza karani kama ana uhakika. Hapo mwalimu wa kweli angesema neno, angalau angekohoa, lakini mkufunzi alikuwa anakunja waya wa projekta awahi safari yake. Karani akajibu kwamba hesabu haidanganyi. Daktari Mkuu akamwambia katibu wake alete orodha ya majina.

"Kumi na tatu," katibu alisoma, akiinua miwani. "Mhudumu wa usafi, zamu ya asubuhi. Huyu si yule wanayemwita Mama Sabuni?"

Watu wakacheka kidogo, maana Mama Sabuni alijulikana kwa kelele zake za kudai sabuni. Karani hakucheka. Mama Sabuni alikuwa mama yake mzazi, na katika chumba kile hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kujisumbua kujua mhudumu wa deki ana watoto au hana. Angeweza kusema. Mdomo alikuwa nao na miguu ya kusimamia alikuwa nayo. Alikunja kile kijiti cha kuonyeshea mara tatu, akakitia mfukoni, akapokea cheti chake na kupeana mikono na wote.

*

Mama Sabuni alikuwa ndani ya wodi akikamua tambara la deki metroni alipomwita nje. Mtu wa maabara alimwambia avue glavu, akamsugua kwa vijiti vya pamba viganjani, katikati ya vidole, chini ya kucha, kisha puani, pale pale koridoni, mbele ya wazazi waliokuja kuona watoto wao. Mwanamke mmoja aliyeketi karibu alisimama akahamia benchi la mbali. Mama Sabuni alimwona. Alitaka kumwambia, dada, kitanda cha mwanao nimekifuta mimi asubuhi hii na kukitoa kwenye upepo, lakini kijiti kilikuwa puani.

Aliuliza kosa lake. Metroni, mwanamke mwenye huruma isiyofika popote, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba si mtu aliyesema, ni kompyuta; imetoa picha, na picha imemwonyesha yeye. Akampa barua ya kusimamishwa kazi mpaka uchunguzi ukamilike, akamwomba ufunguo wa stoo ya ndoo. Getini mlinzi, ambaye kwa miaka walikuwa wakigawana chai ya saa nne, alikuwa ameshaagizwa ampekue. Alikuta vipande viwili vya sabuni. Mama Sabuni alieleza kwamba ni vyake, anavinunua mwenyewe kwa sababu sabuni ya wodi huisha kabla mwezi haujafika katikati, na kila mtu anajua. Mlinzi alijua. Alivichukua hata hivyo, akaandika kwenye karatasi yake: mali ya hospitali, sabuni, vipande viwili. Ndivyo alivyotolewa nje baada ya miaka ishirini na miwili, na bado kuna watu watakaoniambia nipunguze hasira.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na kibaraza. Kibarazani ndipo mumewe, fundi viatu, alipokaa na sindano zake na gundi, mgongo ukiwa umekataa kazi nyingine yoyote. Mshahara wa Mama Sabuni ndio uliolipa kodi ya nyumba, na wa binti ndio uliojaza mapengo. Viatu vilileta chumvi. Mama aliketi kwenye kigoda cha wateja akasimulia yote bila kulia, kisha akaanza tena upya. Kusimamishwa kulimuuma, lakini kulikuwa na kinachomuuma zaidi. Alisema kuna mtu, binadamu mwenye mama yake, amekaa kwenye kiti akamfanya nukta, akampaka rangi nyekundu, akaenda zake kula.

Binti alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Alisema, "Pole, mama." Akaingia ndani kuosha sahani ambayo ilikwisha kuoshwa.

Alijiambia atasema kesho. Kesho akajiambia kwamba kwanza ajue uchunguzi unakwendaje, maana yuko karibu na ofisi, huenda akasaidia kimya kimya. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu, na zote huwa nzuri. Tena kazi yake ile ilipatikana kwa magoti ya mama. Mwaka mzima Mama Sabuni alisugua ngazi za utawala siku za Jumamosi, siku ambazo hakupangiwa, ili siku moja metroni amkumbuke na kumpokelea vyeti vya mwanawe.

Umbea haulali njaa. Siku ya tatu mtaa mzima ulishajua kwamba Mama Sabuni ana ugonjwa wa kuua vichanga. Mke wa fundi redio, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa na mtoto wa miezi mitatu ambaye Mama Sabuni ndiye aliyemwogesha tangu kitovu hakijadondoka. Alikuja mpaka kwenye kizingiti, mtoto kamwacha nyumbani, akaanza kwa mbali: habari za mgongo wa mzee, habari za jua kali. Mwishowe akasema mume wake ameona ni vyema mtoto apumzike kidogo kushikwashikwa na watu.

"Watu wangapi?" Mama Sabuni aliuliza.

Jirani akatazama chini. Mama Sabuni alimwambia basi, amesikia, ampelekee mumewe salamu. Jirani alipoondoka, Mama Sabuni alikwenda bombani akanawa mikono mpaka ngozi ya vifundo ikapasuka.

Majibu ya maabara yalitoka siku ya sita. Mikono safi, pua safi, kucha safi. Fundi viatu alivaa shati lake la kutokea akampeleka mkewe hospitalini kurudishiwa ufunguo. Walikaa kwenye benchi la utawala tangu saa mbili mpaka saa saba, wakapitwa na kila mtu, kisha katibu akatoka na barua nyingine. Ilisema majibu yamepokelewa, lakini hayatengui uchambuzi, kwa kuwa mhusika huenda alinawa kabla ya kupimwa.

"Kwa hiyo akinawa kosa, asiponawa kosa," fundi alimwambia katibu. "Tukuletee nani, asiye na mikono?"

Katibu alimwomba apunguze sauti, hapo ni hospitali.

*

Siku ya nane mama na binti walikuwa wakikunja nguo. Mama alisema, bila kuulizwa, kwamba ujinga wake umemponza. Angefanya kazi kama wengine, asiandike, leo angekuwa wodini.

Binti alishika shuka palepale lilipofika. Akamwuliza ana maana gani.

"Metroni wa zamani, Mungu amrehemu, alitufundisha: asiyeandika hajafanya kazi. Mimi nikashika hilo. Nafuta vitanda ishirini asubuhi, naandika ishirini. Mchana narudia, naandika tena. Wasichana wa usafi wananicheka, wanasema nataka uwaziri."

"Na manesi?"

"Wakikumbuka."

"Na madaktari?"

Mama alimtazama binti yake aliyesoma, akamwonea huruma kidogo. Alisema daktari gani amewahi kuonekana ameinamia lile daftari. Wanaingia moja kwa moja, Daktari Mkuu mbele na mkono mfukoni, wanafunzi nyuma yake, wanafunua mtoto huyu, wanabonyeza tumbo la yule, wanatoka. Bomba liko mlangoni, daftari liko mlangoni. Hawaoni bomba, wataona daftari?

Binti alimaliza kukunja shuka kwa sababu mikono ilijua njia. Kichwani mwake nukta zote mia na zaidi zilikuwa zimeanza kutetemeka upya. Alikuwa amedhani amechora watu waliogusa watoto, kumbe amechora watu walioandika. Aliyeandika kila kitu ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, na waliogusa kila mtoto bila kuandika hawakuwamo kabisa, hata kwa nukta ndogo ya pembeni. Na yeye alikuwa ameulizwa kama ana uhakika.

Siku tatu zilizofuata alizimalizia masijala, saa za kazi, mlango wazi. Alitafuta mahali ambapo daktari hawezi kukwepa kuandika, akapapata: karatasi za dawa. Dirisha la dawa halitoi hata tone bila sahihi ya daktari na ya nesi anayeipokea, jina la mtoto na tarehe. Alizinakili zote za wiki zile tano, akaziunganisha na daftari la mlangoni, akachora upya. Safari hii hakucheka. Namba kumi na tatu ilinywea ikalingana na nesi yeyote wa zamu. Katikati zilikaa nukta tatu mpya, na kubwa kuliko zote ilikuwa na mistari kwa watoto wote saba na kwa karibu kila mtoto aliyelala wodini humo. Sahihi ilikuwa ya Daktari Mkuu.

Sasa alikuwa na akili ambayo hakupewa darasani. Alijua kwamba nukta kubwa haisemi nani kaua. Inasema nani kapita, na nani kaandikwa, basi. Lakini kama nukta kubwa ilitosha kumtoa mama yake koridoni na kijiti puani, alitaka kuona kama inatosha kwa kila mtu.

*

Daktari Mkuu aliitazama picha ya pili kwa muda mrefu. Aliuliza nani mwingine ameiona, karani akasema hakuna. Aliuliza nani alimtuma, karani akasema hakuna. Basi imemhusu nini?

"Namba kumi na tatu ni mama yangu."

Uso wa daktari ukalegea, akaegemea kiti chake, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu karani aingie.

"Basi hii siwezi kuipokea," alisema. "Una maslahi. Mtoto anamtetea mama yake, ni jambo la kawaida, wala sikulaumu."

"Hata ile ya kwanza niliichora mimi, daktari."

"Ile ulichora hujui ni nani. Ndiyo maana ni safi."

Karani alijitahidi kueleza kwamba hamshtaki mtu, kwamba tatizo ni daftari, kwamba ukichora kutoka kwenye daftari ambalo madaktari hawaandiki utapata picha isiyo na madaktari. Daktari Mkuu alimsikiliza kwa adabu, hilo tumpe. Kisha akamweleza kwamba picha ya kwanza imeshapelekwa juu, na wageni kutoka hospitali tatu wanakuja mwezi ujao kujifunza hospitali yao ilivyonasa chanzo cha maambukizi kwa kutumia teknolojia. Akamkumbusha kwamba mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi na kwamba watu wenye ujuzi kama wake wanahitajika. Akamwomba aifute ile nyingine, isije ikachanganya watu.

Karani hakuifuta. Lakini alipofika mlangoni aligeuka akasema, "Asante, daktari," na neno hilo lilimkera njia nzima mpaka nyumbani.

Aliwakuta wazazi kibarazani. Baba alikuwa anapiga msumari kisigino cha mtu. Hakutafuta maneno ya kuzungukia.

"Mama, aliyekuchora ni mimi."

Nyundo ikasimama. Mama Sabuni hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, kwamba alijua lini.

"Siku ile ile. Kabla hawajaja kukuita."

"Kabla." Mama alilirudia neno hilo polepole. "Kuchora hukujua. Hilo nakusamehe sasa hivi, tena bure. Lakini siku kumi na mbili umekaa hapa unakula nilichopika, unaniambia pole, mama. Hilo nalipeleka wapi?"

Binti alianza kusimulia habari za picha ya pili. Mama akamwinulia kiganja, kile chenye nyufa. Fundi viatu alijaribu kuingia kati, akasema jamani, yaliyopita si ndwele, na hasira hasara.

"Basi niache nipate hasara," mkewe alisema. Akaingia ndani, akarudisha mlango.

Kuanzia hapo alizungumza na binti yake kama mtu na mpangaji: maji yapo, mlango ufunge, nimeacha chakula. Siku ya kumi na tano ikaja barua ya kuachishwa kazi. Walisema kwa kuthamini utumishi wake hawatamfungulia mashtaka.

*

Siku ya kumi na sita binti alikuja nyumbani mbio katikati ya siku ya kazi, anahema, uso umefunguka. Mama alikuwa anachambua mchele.

"Mama, wamekwisha. Kuna mtoto mwingine ameambukizwa, majibu yametoka leo. Mdudu yule yule. Na wewe hujakanyaga wodini siku kumi na sita. Hawawezi tena kusema ni wewe."

Mama Sabuni aliinua uso.

"Kitanda cha ngapi?"

"Cha nne."

"Wa kike au wa kiume?"

Binti hakujua. Alijua mstari wake kwenye jedwali.

"Mama yake yupo naye, au naye mgonjwa?"

Hilo pia hakulijua.

"Umekimbia jua lote hili kuniletea habari njema," mama alisema, sauti ikianza kupanda, "na habari yenyewe ni mtoto wa mtu. Nifurahi? Nipige vigelegele? Hao wengine watatu nimewafunga mimi kwenye shuka, kwa mikono hii, wewe uko ofisini unachagua rangi."

Alisukuma ungo pembeni, akavaa viatu. Binti alimwuliza anakwenda wapi, akamfuata nyuma. Getini mlinzi alitazama karatasi yake ya maagizo, akamtazama Mama Sabuni usoni, akakumbuka ghafla kwamba kuna simu anatakiwa kupiga. Wakapita.

Walifika mlangoni mwa wodi Daktari Mkuu akiwa ndiyo kwanza anatokea koridoni kwa mzunguko wa saa tisa, wanafunzi watano nyuma, metroni ubavuni, mkono mmoja mfukoni. Koridoni wazazi walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Mama Sabuni alisimama katikati ya mlango, kati ya bomba na meza ya daftari.

"Daktari," alisema, "maji haya hapa."

Daktari Mkuu hakumtambua bila sare. Metroni alimnong'oneza.

"Mama, wewe si mfanyakazi hapa tena."

"Ndiyo maana leo naweza kukwambia. Nawa. Halafu uandike."

Daktari akasema aitwe mlinzi. Metroni akasema ndiyo, lakini miguu yake haikuondoka. Hapo mwanamume mmoja kwenye benchi, baba wa mtoto wa humo ndani, mtu wa sauti ndogo mwenye kofia magotini, aliuliza kwa nia njema kabisa:

"Kwani hajanawa?"

Swali likapokewa. Mwanamke aliyekaa naye akamwuliza wa pili, wa pili akamwuliza metroni. Hakuna aliyefoka. Waliuliza tu, mmoja baada ya mwingine, kama daktari amenawa, na wakasimama ili waone vizuri. Mwanafunzi wa nyuma kabisa akaanza kukunja mikono ya koti lake. Wa pili akamfuata. Daktari Mkuu aliangalia nyuma akakuta watano wote wako kwenye foleni ya bomba, naye ndiye anayeizuia.

Alinawa. Mama Sabuni alisimama pale pale akimwangalia, akamwambia na kucha, na kile kipimo cha kusikilizia kifua, maana nacho kinagusa. Alipomaliza, binti alikuwa ameshafungua daftari ukurasa wa siku hiyo na kulishika mbele yake kwa mikono miwili. Aliona wazi kwamba mkataba wake unaishia hapo.

"Jina kamili, daktari," alisema. "Na vitanda vyote utakavyogusa."

Akaandika.

*

Wiki iliyofuata zililetwa barua mbili kwa mkono mmoja. Ya kwanza ilimpiga Mama Sabuni marufuku kuonekana katika eneo la hospitali isipokuwa akiwa mgonjwa, kwa kuvuruga huduma kwa muda wa dakika nne. Ya pili ilimweleza karani kwamba mkataba wake hautaendelezwa. Picha ya kwanza ilibaki ukutani kwa ajili ya wageni. Fundi viatu alizisoma zote mbili kwa sauti, mpaka mihuri, akasema wino angalau wanao, akarudi kwenye visigino vyake.

Mama Sabuni hakucheka. Wanawake wa mtaa walikuwa wamekuja kumpongeza, mke wa fundi redio akiwa wa kwanza, mtoto mgongoni, na aliwapokea wote kwa uso mgumu ambao hawakuuelewa. Metroni alikuwa amemtumia ujumbe kwamba mtoto wa kitanda cha nne, wa kike, ameanza kunyonya. Hata hapo hakulegea. Walipoondoka wote alimwambia binti alete ile picha yake ya pili, anataka kuiona.

Binti aliitandaza sakafuni, akaishika pembe zisijikunje. Ombi hilo lilikuwa maneno mengi kuliko yote aliyomwambia tangu siku ile ya mlangoni mwa wodi. Mama alipiga magoti akaisoma picha pole pole, kwa kidole, akauliza yeye ni ipi. Binti akamwonyesha: nukta ya kawaida, ya kijivu, upande wa kushoto, kati ya manesi wawili. Alitegemea mama ataridhika.

"Miaka tisa tangu daktari huyu aje," mama alisema. "Kila asubuhi namwona anapita bomba. Kila asubuhi. Nikawa naandika jina langu kwa mwandiko mzuri, nainama, nadeki, nasema mimi ni mtu wa ndoo, yananihusu nini. Na wale watatu walikufa naona."

Baba aliacha kazi akawatazama. Mama alikuwa bado ameweka kidole kwenye ile nukta ya kijivu, anaibonyeza kwa nguvu mpaka karatasi ikaanza kukunjamana.

"Hapa mmechora aliyegusa," alisema. "Aliyeona akanyamaza, mnamchoraje?"

Binti alilitafuta jibu katika yote aliyofundishwa kwa wiki mbili zile. Kwenye jedwali hapakuwa na safu ya hilo.